Ukipigwa eksrei, uliza ni milisiveti ngapi

Kijana wa Gachoka, ukianguka na bodaboda kwenye barabara ya Kiritiri, huenda ukapelekwa Embu kupigwa eksrei. Utaambiwa uvue shati na ushike pumzi, kisha utoke na picha yako. Kiasi cha miale uliyopigwa hakuna atakayekutajia, nawe hutauliza. Uliza.

Vipimo vyenyewe huchanganya watu. Chukua mwembe wa hapo kwenu Mbeere. Hesabu maembe yanayoanguka kila sekunde: hiyo ndiyo bekereli, maana bekereli moja ni kiini kimoja cha atomu kuvunjika kwa sekunde. Lakini embe likianguka shambani halikuumizi. Kishindo kinachoingia mwilini hupimwa kwa grei. Madhara yanayoweza kukufika, kulingana na aina ya miale na kiungo kilichopigwa, hupimwa kwa siveti. Siveti moja ni kubwa mno, kwa hivyo hospitalini hutumia milisiveti, yaani sehemu moja ya elfu.

Basi mtu akikutisha kwa bekereli tupu, usikimbie. Ndizi moja ina takriban bekereli 15, na mwili wako una maelfu kwa sababu ya potasiamu ya chakula, ndengu zikiwemo. Mashine ya eksrei nayo haina hata bekereli moja. Ikizimwa imezimika, hutoki na miale mwilini. Hizo ni stori tu za mtaani.

Angalia siveti. Eksrei ya kifua ni kama milisiveti 0.1 au chini. Skani ya CT ya tumbo huweza kufika 10, karibu mara mia. Mawe, hewa na anga hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani, na kule Mrima, Kwale, penye mawe ya thori, ni zaidi.

Skani ikihitajika, fanya. Lakini kurudia skani eti hospitali ya pili haitaki kuisoma picha ya kwanza? Hapo tunakataa. Sheria ya 2019 ilitupa mamlaka ya kudhibiti nyuklia, KNRA, inayotoa leseni za mashine hizi. Mhudumu huvaa kibeji cha kupima miale anayopokea, na kikomo chake ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mgonjwa hana kibeji. Hospitali ziandike dozi kwenye karatasi ya matokeo, kama zinavyoandika bei. Na dada, ukishuku una mimba, sema kabla mlango haujafungwa.