CHOO KIENDE MAABARA, JIBU LIRUDI KIJIJINI

Ndugu wafanyakazi, tunajua kwamba habari ya choo haisemwi mbele za wageni. Lakini mtu anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele hana nafasi ya kuona haya, na sisi wa chama hatuna ruhusa ya kunyamaza.

Tunawafikiria hasa ndugu zetu wa Diaca, kwenye barabara itokayo Mueda kwenda Mocímboa da Praia.  Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 ndivyo vilivyowatoa watu majumbani mwao, na mwaka 2020 kipindupindu kikazuka katika wilaya hiyo hiyo. Watu wamesongamana, maji ni ya shida, vyoo havitoshi: ugonjwa hauhitaji zaidi ya hapo.

Mhudumu wa afya anapokuja na kikopo kuomba choo, anafanya kazi inayotaka uangalifu. Choo kichukuliwe kabla mgonjwa hajapewa dawa ya kuua vijidudu. Kikopo kiwe kikavu na safi, wala kisioshwe kwa klorini. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu ndoo ya mgonjwa wa kipindupindu mara nyingi hutiwa klorini mapema. Choo kikichotwa humo, vijidudu vimekwisha kufa na maabara itajibu kwamba hakuna kitu. Choo kitupu kifike maabara ndani ya saa 2. Kwa barabara zetu hilo ni ndoto, basi kijiti cha pamba kilichochovywa katika choo kitiwe ndani ya kichupa chenye ute uitwao Cary-Blair, ambao huhifadhi kijidudu cha kipindupindu kwa siku kadhaa bila barafu. Na mgonjwa asingojeshwe jibu! Anyweshwe maji ya chumvi na sukari saa ile ile. Wala si lazima kila mgonjwa apimwe. Wachache wa mwanzo wanatosha kuthibitisha ugonjwa, kuonyesha dawa ipi bado inafaa, na kuwapa wakubwa sababu ya kuomba chanjo.

Watu wanaogopa, na tusiwacheke. Kwa Kireno kipindupindu ni "cólera" na klorini ni "cloro". Masikioni maneno haya yanakaribiana, na kaskazini mwa Msumbiji wako waliosadiki kwamba anayetia klorini kisimani ndiye anayetia ugonjwa. Wahudumu wamepigwa kwa ajili hiyo. Tarehe 7 Aprili 2024 watu zaidi ya 90 walizama katika mashua iliyotoka Lunga, mkoani Nampula, ikielekea Kisiwa cha Msumbiji. Wakuu wa serikali walisema walikuwa wakikimbia uvumi juu ya kipindupindu.

Maoni yetu ni kwamba uvumi huu hulishwa na ukimya. Choo cha mtoto kinachukuliwa, gari linaondoka, wiki zinapita, mama haambiwi lolote. Mwenye akili gani hatauliza kilipelekwa wapi? Kila kikopo kiandikwe jina, kijiji na tarehe, na jibu lirudi kwa njia ile ile, lisemwe kwa Kimakonde na Kimwani, hata kama jibu ni kwamba hakikuonekana kitu.

Na anayebeba kikopo je? Msumbiji ilianza kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini mwaka 1978, na hadi leo watu hawa hupewa posho, si mshahara. Tunadai glovu, sabuni, baiskeli na malipo yanayofika kwa wakati, kwa sababu yeye ndiye anayesimama mlangoni pa mama yule akiulizwa habari za choo kilichokwenda mjini.