Si Kila Kichuguu ni Kichuguu

Sisi tunaosoma akiolojia tuna ugonjwa mmoja. Tukiona tuta la udongo limeinuka peke yake, swali letu la kwanza ni nani kazikwa hapo. Tumeshiba picha za piramidi za Misri hadi tunaamini kuwa kale yenye thamani ni ile iliyolaza maiti ya mkubwa.

Makaburi ya aina hiyo tunayo, sikatai. Lothagam Kaskazini, huko Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita walizika watu wasiopungua 580. Lakini ukizunguka nyanda za juu za Ufipa na macho ya kutafuta makaburi tu, utapita kando ya hazina bila kuiona.

Huku umbo la tuta hudanganya. Kuna vichuguu vya mchwa. Kuna intumba, matuta ya duara ambamo mkulima hufukia majani yaoze yawe mbolea. Na kuna mabaki ya malungu, matanuru ya kuyeyushia chuma, mengine yalifika mita tatu kwenda juu. Hayakuhitaji mivukuto: hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, mara nyingi kando ya kichuguu chenyewe, kwa hiyo yakibomoka hufanana nacho. Basi usiangalie umbo, angalia chini. Ukikuta mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo na ukuta ulioiva kwa moto, hapo palikuwa na wahunzi. Profesa Bertram Mapunda ameutafiti uhunzi huu kwa miaka mingi. Hatuna kisingizio cha kutojua.

Sheria nayo inasaidia kusahau. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Ufipa iliyeyusha chuma hadi karne ya 20. Ilungu la 1900 hubaki nje, mpaka waziri alitangaze.

Kwa nini tusubiri? Mwenye shamba akilivunja apate nafasi ya kupanda mahindi, hana kosa. Hakuna aliyemwambia ni nini. Kosa ni letu tunaoandika tasnifu kwa Kiingereza na kuzifungia maktaba. Twendeni vijijini, tuwaulize wazee, tuyahesabu malungu na kuyaweka kwenye ramani. Kaburi hutuonyesha nani alikufa. Ilungu linatuonyesha watu waliishije, walijua nini, na jembe lao lilitoka wapi.