Kiongozi Akiugua, Amani Iwe Mikononi mwa Nani?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinatusimulia habari za Musa akiwa juu ya kilima, wakati Waisraeli walipopigana na Waamaleki. Alipoiinua mikono yake, watu wake walipata nguvu. Alipoishusha kwa uchovu, walirudi nyuma. Haruni na Huri walipoona hivyo, walimtafutia jiwe la kukalia, wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, hata jua likachwa.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu inagusa jambo ambalo wananchi hulisema kwa minong'ono tu. Yule aliyeibeba amani ya watu akiishiwa nguvu za mwili, amani hiyo iwe mikononi mwa nani? Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu wa kila siku. Lakini sala haituondolei wajibu wa kufikiri, wala wajibu wa kujiandaa.

Sisi wa Karatu na Ngorongoro hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mjini Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 140 kutoka Karatu, ndiko yalikofanyika mazungumzo ya amani ya Burundi. Yalianza mwezi Juni 1998 chini ya usuluhishi wa Mtumishi wa Mungu, Mwalimu Julius Nyerere. Ndugu zetu Warundi walikuwa wakiuana tangu mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Mwalimu alikuwa amekwisha kutimiza miaka 76, na mwili wake ulikuwa umeanza kushambuliwa na saratani ya damu. Hata hivyo aliendelea na kazi. Mwezi Septemba 1999 alikwenda London kwa matibabu, na tarehe 14 Oktoba akafariki dunia katika Hospitali ya St Thomas'. Mkataba ulikuwa haujatiwa sahihi.

Tuitazame hali ya Burundi katika majuma yale. Serikali ya Meja Pierre Buyoya ilikuwa imeanza kuwahamishia kwa nguvu mamia ya maelfu ya wakulima wa kandokando ya Bujumbura katika makambi. Siku mbili tu kabla ya Mwalimu kufariki, watumishi wawili wa mashirika ya Umoja wa Mataifa waliuawa katika mkoa wa Rutana. Mtu aliyeweza kumwita kila mmoja mezani, akamkemea na kusikilizwa, alikuwa amelala kitandani ng'ambo ya bahari. Anayedhani kwamba maradhi ya kiongozi ni habari ya familia yake peke yake, na aikumbuke Oktoba ile.

Mbona basi mazungumzo hayakufa pamoja na msuluhishi? Kwa maoni yetu, yaliokolewa na jambo ambalo Mwalimu alilifanya angali na nguvu: hakuishika kazi yote kwa mikono yake miwili. Aliigawa katika kamati, kila moja na mada yake na mwenyekiti wake: chanzo cha mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo. Kamati ya amani na usalama iliongozwa na padre, Matteo Zuppi wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambaye mwaka 2019 alifanywa kuwa Kardinali. Jaji Mark Bomani alikuwa msaidizi mkuu wa msuluhishi. Yaliyozungumzwa yaliandikwa, na waliobaki walijua yalipofikia. Hivyo wakuu wa nchi za kanda walipokutana Arusha tarehe 1 Desemba 1999 na kumteua Mzee Nelson Mandela, yeye hakuanza na ukurasa mtupu. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi.

Tusipambe mambo, kwa kuwa haki huanza na ukweli. Mkataba ule haukuzima bunduki siku hiyo. Makundi makubwa yenye silaha hayakuwamo mezani. Moja lilikuja kupatana na serikali mwaka 2003, na jingine likatia sahihi ya kusimamisha vita mwaka 2006. Wapo Warundi, hasa upande wa serikali, waliomshuku Mwalimu kwamba anaelemea upande mmoja. Wala hakuna kamati iliyoweza kuirithi heshima yake. Lakini heshima hairithiwi kamwe. Hufa na mwenyewe. Kinachorithiwa ni utaratibu na maandishi, pamoja na watu waliozoezwa. Nyumba ya amani ikijengwa kwa heshima ya mtu mmoja peke yake, msiba mmoja huibomoa.

Kutokana na hayo tunaona mambo mawili ya kuzingatiwa.

Kwanza, ukweli juu ya ugonjwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka 2021 Watanzania tulilionja jambo hili. Rais John Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari, na kifo chake kilitangazwa tarehe 17 Machi. Katika siku hizo 18 uvumi ulienea, wananchi waliambiwa kwamba Rais ni mzima na yuko kazini, na waliosema vingine wakakamatwa. Tunamshukuru Mungu kwamba Katiba ilituvusha. Ibara ya 37 ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba nafasi ikiwa wazi, Makamu wa Rais huapishwa, na tarehe 19 Machi Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan aliapishwa bila damu kumwagika. Katiba ilifanya kazi yake vizuri. Ukimya ndio uliotutia hofu.

Wako watakaotujibu kwamba mgonjwa ana haki ya siri yake, na kwamba adui huvizia pale anaposikia mwenye nyumba hajiwezi. Hoja hizi si za kubezwa. Sisi mapadre, tunaoingia vyumbani mwa wagonjwa tukiwa na Mafuta Matakatifu, tunaijua thamani ya siri hiyo. Lakini wananchi hawaombi kujua jina la kila dawa. Wanaomba kujua mambo mawili tu: je, kiongozi wao anaweza kuifanya kazi aliyokabidhiwa, na kama hawezi, nani anaifanya? Ibara hiyo hiyo ya 37 imeweka njia. Baraza la Mawaziri linaweza kumwomba Jaji Mkuu athibitishe kwamba Rais hawezi kumudu kazi kwa sababu ya maradhi, naye Jaji Mkuu huteua bodi ya madaktari. Njia hiyo iliwekwa ili itumike inapohitajika. Kiongozi anayeheshimiwa haaibiki kwa kuwa na mwili wa binadamu.

Pili, kuandaa wa kupokea. Musa alimwekea Yoshua mikono mbele ya kuhani Eleazari na mbele ya jumuiya nzima, wala hakufanya hivyo gizani. Naye Papa Yohane XXIII alikuwa na saratani ya tumbo alipotoa waraka wa Pacem in Terris, yaani Amani Duniani, tarehe 11 Aprili 1963. Alifariki tarehe 3 Juni mwaka huo huo. Hakuuona Mtaguso aliouitisha ukifikia mwisho, lakini waraka ulikuwa mikononi mwa watu, na Mtaguso ukaendelea chini ya Papa Paulo VI. Huo ndio ukomavu wa kiongozi: kujua kwamba siku zake zina hesabu, na kuitenda kazi yake ili mwingine aweze kuipokea.

Ndugu viongozi wa walei, tusiishie kuwanyoshea vidole walio Dodoma. Tuangalie hapa kwetu. Wakati wa ukame, mifugo inaposhuka kutafuta malisho na kukuta mashamba ya wenzetu, nani hutuliza ghadhabu? Kule bonde la Eyasi, maji yanapopungua mferejini, nani husikilizwa na mkulima na mfugaji? Mara nyingi ni mzee mmoja, laigwanani au mwenyekiti wa siku nyingi, anayeaminiwa na pande zote. Tunamshukuru Mungu kwa wazee wa namna hiyo. Lakini mapatano mengi yamo kichwani mwao tu. Siku mzee anapopelekwa hospitali, vijana wa pande mbili hubaki wakibishana mpaka ulipitia wapi na faini ilikuwa ng'ombe wangapi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kamati ya haki na amani ya parokia iandike mapatano ya mahali pake, na pande zote zipate nakala. Kila mzee msuluhishi aketi na mtu wa kujifunza kwake, wanawake na vijana wakiwamo. Na kwa kuwa Karatu imo katika Jimbo la Mbulu na Ngorongoro imo katika Jimbo Kuu la Arusha, kamati za parokia zinazopakana zikutane kabla ya kiangazi, wasiosali nasi wakialikwa pia, kwa maana mifugo haijui mipaka ya majimbo.

Tuwaombee viongozi wetu afya na maisha marefu. Pamoja na hayo, tuombe neema ya kuwa Haruni na Huri: kuona mikono inapochoka, kukiri kwamba imechoka, na kuishika kabla haijashuka. Mungu azibariki nchi zetu na kutujalia amani. Amina.