Wasomaji wako WhatsApp, pesa ya kitabu iko wapi?

Mwandishi wa Goma anaweza kupata wasomaji kwenye WhatsApp kabla kitabu chake hakijachapishwa. Kuwauzia ndiyo kazi.

Njia yenyewe si mpya. Mwaka 2009, Mmarekani Andy Weir, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alianza kutoa riwaya yake The Martian kwenye intaneti, sura kwa sura, bure. Wasomaji, wakiwemo wanasayansi, walimwonyesha makosa, naye akayasahihisha. Ni wao pia walioomba nakala rahisi kusoma. Baadaye akaiweka Amazon kwa senti 99 za dola, ikauzwa sana, na mwaka 2015 ikawa filamu.

Sehemu ya kwanza inawezekana Goma pia: kundi la watu wanaokosoa kwa ukweli lina faida kuliko tangazo lolote. Lakini Januari 2025 uwanja wa ndege na benki za mji huo vilifungwa, na msomaji mwingi hana kadi ya kulipia Amazon. Inabaki pesa ya simu. Nayo PDF, mmoja akishainunua, kesho kundi zima linayo bure. Heri kutoa sura chache tu, na wanaotaka kujua mwisho walipe kidogo kidogo kabla ya kuchapisha.