Kupe hana mpaka: josho la Machakos latuhusu sote

Kuna ugonjwa wa ng'ombe unaobeba jina letu watu wa Pwani. Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, kwa sababu ulipoangamiza mifugo kusini mwa Afrika kuanzia 1902, ilisemekana uliingia na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani hii. Wafugaji wanauita ndigana kali.

Machakos inatuhusu vipi? KMC ina kichinjio Athi River, kaunti ya Machakos, na kingine Kibarani, Mombasa. Barabara ni moja, na kupe hupanda lori bila tikiti.

Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Kijidudu chake hushambulia chembe nyeupe za damu. Tezi huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Ng'ombe wa maziwa asipotibiwa mapema hufa katika wiki chache, na karo ya watoto huenda naye. Mbuzi na kondoo hauwapati huo, ila wana maradhi yao ya kupe, na nagana ya mbung'o haichagui.

Zamani serikali iliendesha majosho. Miaka ya 1980 na 1990 ilipojiondoa, mengi yalikauka. Leo kila mtu na bomba lake la kunyunyizia dawa: huyu anapulizia, jirani hana pesa, na malisho ni yale yale. Dawa ikichanganywa vibaya, kupe huizoea.

Chanjo ipo, ilibuniwa Muguga miaka ya 1970, na ng'ombe huchanjwa mara moja tu. Lakini huhifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni, na mrija mmoja una dozi za ng'ombe wengi. Ukishayeyushwa hutumika siku hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe wawili ataufungua na nani?

Hapo ndipo nasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Josho na chanjo vyote vinataka watu waungane, na wa kuwaunganisha ni kaunti. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kilifi, Kwale na Tana River, na wenzetu wa Machakos, tukiitwa kutoa maoni ya bajeti tuulize swali moja: fungu la josho na chanjo liko wapi?