Mbio za milima ya Fizi zianzie kwenye daftari

Ziwa Tanganyika, pale mjini Baraka, liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mlima Mohi, kilele cha milima ya Itombwe, unafika mita 3,475. Kati ya namba hizo mbili ndiko wanakoishi watu wa Fizi, katika Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, na ndiko miguu yao inakokomaa tangu utotoni. Shule iko ng'ambo ya kilima, shamba liko ng'ambo ya kilima kingine, na mzigo wa muhogo kutoka kijiji cha Lubondja sharti ufike sokoni, gari lipatikane lisipatikane. Ndiyo maana kijana wa huko akisikia habari za mbio za milimani za kilomita 50 au 100, husema kazi hiyo anaijua. Anaijua kweli, lakini nusu.

Nusu hiyo si ndogo. Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wanaobeba mizigo kichwani au kwa ukanda wa paji la uso. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu yanayopimika. Akina mama wa milima ya Kivu nao hubeba mizigo mizito, na mazoea hayo ya kutembea na mzigo yanaweza kusaidia katika mbio ndefu, kwa sababu kwenye mwinuko mkali hata mabingwa huacha kukimbia wakatembea.

Nusu ya pili ni mipango, na hapo ndipo watu hufa.

Tarehe 22 Mei 2021, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 katika jimbo la Gansu, China. Mchana, upepo mkali, mvua ya baridi na mvua ya mawe viliwakuta juu mlimani, kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo gari haliwezi kupanda. Wengi walikuwa na kaptula na fulana nyepesi tu. Waandaaji walikuwa wamependekeza koti la kuzuia upepo, hawakulilazimisha. Watu 21 walipoteza maisha, akiwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa mbio ndefu nchini humo. Mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliwaokoa sita kwa kuwaingiza katika pango alimokuwa amejikinga na kuwawashia moto.

Liang Jing hakupungukiwa na pumzi wala miguu. Mtu wa Fizi anapaswa kuisoma habari hiyo mara mbili, kwa maana kwao joto la ziwani na ukungu wa nyanda za juu hukutana ndani ya safari moja. Koti la mvua, taa ya kichwani, filimbi na blanketi jepesi la dharura ni vitu ambavyo mbio kubwa za Mont Blanc huko Ulaya humlazimisha kila mkimbiaji kubeba. Simon Mtuy, mwongoza watalii wa Kilimanjaro, aliupanda na kuushuka mlima huo mwaka 2006 kwa chini ya saa 9 na nusu, akibeba mwenyewe chakula, maji na nguo zake. Mlima aliujua kama nyumbani, na bado alibeba.

Maji nayo yana hesabu yake. Fizi ni eneo la kipindupindu, hivyo kila bidoni ya kituoni iwe na maji yaliyotibiwa. Tena, kunywa kupita kiasi kunaweza kuua: utafiti wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa wakiwa na chumvi pungufu katika damu. Kwa upande wa chakula, mkimbiaji anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi moja ya wastani ina kama 25. Basi ndizi na viazi vitamu vinatosha, mradi tumbo lizoezwe miezi kabla kula huku mwili ukikimbia. Mazoezi yasiwe ya kupanda tu, kwa sababu mteremko mrefu wa kurudi ziwani ndio unaochana nyuzi za misuli ya mapaja.

Kivu imeshaonyesha kwamba maandalizi huzaa matunda. Makorobondo Salukombo, Mkongo aliyeishi Marekani, alianzisha mradi wa wakimbiaji huko Kirotshe, Kivu Kaskazini. Mwaka 2016 yeye alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio, na Beatrice Kamuchanga wa mradi huo akakimbia mita 5,000.

Kwa Fizi, lazima isemwe wazi kwamba mbio za kupita nyanda za juu hazifai kupangwa huku watu wenye silaha wakiendelea kupigana huko. Hakuna medali inayolipia hatari hiyo. Lakini kilomita 20 au 30 karibu na Baraka, wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, zinaweza kuandaliwa kwa gharama ndogo na kuwafundisha vijana wa Lubondja mengi. Wauguzi wawekwe njiani, si mwishoni tu. Kila kituo kiwe na daftari lenye jina la mkimbiaji, saa aliyoingia na saa aliyotoka, ili asiyeonekana atafutwe kabla giza halijaingia. Na mtu mmoja, si kamati, apewe mamlaka ya kusimamisha mbio hali ya hewa inapochafuka, na jina lake litangazwe kabla ya kijana wa kwanza kujiandikisha.