HASIRA BILA DAFTARI



Siku hizi haupiti mkutano wa tawi pasipo mtu kusimama na kuuliza: "Watu hawa wa Bunge tutawafanya nini?" Swali ni la haki, na anayeliuliza huwa na uchungu wa kweli. Lakini nasi tumezoea kumrudishia swali moja: "Wewe ndugu, jina lako limo katika daftari la kura la wapi?" Hapo ndipo ukumbi hunyamaza. Mmoja hakuandikishwa kamwe. Wa pili aliandikishwa kwao, mwendo wa usiku kucha kwa basi, na mwaka 2022 hakwenda kwa kukosa nauli. Wa tatu hajui kama jina lake bado lipo. Ndiyo sababu twaandika maneno haya mapema. Kwa Katiba yetu uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaofuata ule wa 2022 ni wa tarehe 10 Agosti 2027.

Hatuandiki ili kudharau hasira ya watu. Hasira hiyo ina mizizi, na mizizi yake imo katika karatasi ya mshahara. Tutazame ushuru wa nyumba peke yake. Ulianza kukatwa mwaka 2023 kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, asilimia moja u nusu ya mshahara wote, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi kile kile. Mwenye mshahara wa Sh. 30,000 hukatwa Sh. 450 kwa mwezi, yaani Sh. 5,400 kwa mwaka. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema makato hayo hayapatani na Katiba. Watu wakashangilia. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuyaacha yaendelee wakati rufani ikingojewa. Wakashangilia tena. Kisha Bunge likaketi, likatunga sheria mpya ya nyumba za bei nafuu, ikatiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, na makato yakarudi pale pale. Je, ni wangapi kati yetu waliomtafuta mbunge wao katika wiki zile za kati ya Januari na Machi? Wachache sana, ndugu. Tulidhani hakimu amekwisha tufanyia kazi yote.

Halafu ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliukubali na 106 wakaukataa. Bunge la Taifa lina wabunge 349. Hesabu mwenyewe ni wangapi ambao siku hiyo hawakuwa huku wala kule. Mchana huo huo vijana wakaingia Bungeni, risasi zikalia, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliokufa katika maandamano ya mwaka ule. Kwa wazazi wao hapana neno letu litakalotosha, wala hatutajaribu. Lakini ilipofika Desemba 2024, watu wakiwa katika pilkapilka za Krismasi, sheria ya kurekebisha kodi ikatiwa sahihi, na baadhi ya mambo yaliyokataliwa Juni yakaingia kwa mlango wa uani.

Basi tuseme wazi. Maandamano yaliweza kuusimamisha mswada mmoja. Hayakuweza kumwondoa kitini hata mmoja wa wale 195, kwa sababu mbunge haondolewi na barabara za Nairobi. Huondolewa na watu wa eneo lake, kituo kwa kituo, wale ambao majina yao yamo daftarini. Haki ya kukutana na kuandamana kwa amani imo katika Kifungu cha 37 cha Katiba, na hatumshauri mtu yeyote aiache. Tunachosema ni kwamba mwandamanaji asiye na kura ni kama mgomaji asiyelipa ada ya chama. Mwajiri humwogopa siku moja, na wiki ya pili amekwisha msahau.

Sisi wa vyama vya wafanyakazi tunayo habari yetu ya zamani juu ya jambo hili. Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama kwa siku kumi na mbili: bandari, reli, hoteli, hata wapishi wa majumbani. Watu walikusanyika kila siku katika kiwanja cha Kiziwi. Katika mgomo ule likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Nguvu yake ilikuwa kubwa mno, hata serikali ya kikoloni ikamkamata Kibachia Agosti mwaka ule ule, ikampeleka Baringo, mbali na watu wake. Baada ya hapo shirikisho likafifia. Kwa maoni yetu lilififia kwa kuwa lilisimama juu ya mkutano mmoja mkubwa na msemaji mmoja. Matawi yenye makatibu na vitabu vya ada yalikuwa hayajakomaa. Ondoa msemaji, na umati hurudi nyumbani.

Miaka kumi baadaye, Machi 1957, Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, viti vinane tu. Kura yenyewe ilipimwa kwa elimu, mapato, mali na mengineyo, hata karani mmoja akaweza kuwa na kura tatu na jirani yake mchukuzi hana hata moja. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru alitakiwa kwanza aonyeshe hati ya utiifu kwa serikali. Hata hivyo kiti cha Nairobi kilikwenda kwa Tom Mboya, katibu mkuu wa Shirikisho la Kazi la Kenya. Watu walizijaza zile fomu ngumu, mmoja mmoja, ili wapate kuandikwa. Leo fomu ni nyepesi, na kitambulisho kiko mfukoni.

Tuje kwenye hesabu ya mwaka 2022. Walioandikishwa walikuwa 22,120,458. Waliopiga kura walikuwa kama asilimia 65. Maana yake, watu zaidi ya milioni saba na nusu waliokuwa na haki kamili walibaki nyumbani, au kazini, au barabarani. Mshindi wa urais alimpita wa pili kwa kura kama 233,000. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40 ya daftari, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko ya 2017. Huko Magarini, Kilifi, kiti cha ubunge kilitangazwa kwa tofauti ya kura 21. Ishirini na moja! Watu wa matatu moja na nusu. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa tarehe 27 Novemba 2025.

Hapa ndipo mfanyakazi ana tatizo lake mwenyewe, na wanasiasa hawapendi kulitaja. Mtu huchuma maua Naivasha, huchuma majani chai Kericho, hulinda ghala Nairobi, hubeba shehena Kilindini. Lakini kura yake iko Siaya, Kitui au Kakamega. Miezi kumi na moja ya mwaka anakaa Mukuru, Changamwe au Karagita. Maji anayokunywa, mtaro unaofurika mlangoni pake, zahanati anayompeleka mtoto usiku, leseni ya kibanda cha mke wake, yote hayo yako mikononi mwa serikali ya kaunti na mwakilishi wadi. Kenya ina wadi 1,450. Na huyu mwakilishi wadi si mjinga. Anajua kwamba mtaa wenye watu elfu kumi na wapiga kura mia nane ni mtaa wa watu mia nane. Atakapogawa fedha za barabara atawakumbuka hao mia nane, tena akiwa na huruma.

Hatumwambii mtu asahau kwao. Huko ndiko kuna shamba, wazazi na makaburi, na mtu ana haki ya kutaka sauti yake isikike penye makaburi ya wazee wake. Lakini ajiulize kwa ukweli kama atafika. Tarehe 9 Agosti 2022 ilitangazwa kuwa sikukuu, lakini bawabu alikuwa langoni, muuguzi wodini, na dereva wa lori njiani. Safari ya kwenda na kurudi humla mtu siku mbili, na siku za uchaguzi nauli hupanda. Kura iliyoandikwa mahali usipoweza kufika haimsaidii wa kule wala wa huku. Anayetaka kuhamisha jina lake aende katika ofisi ya eneo bunge ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka akiwa na kitambulisho chake. Sheria yataka jambo hilo lifanywe si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Msingoje Mei 2027, kwa maana foleni za mwisho twazijua sote.

Wengine husema tume yenyewe ililala. Ni kweli kwamba kuanzia Januari 2023 ilikaa bila mwenyekiti hadi Julai 2025, na kazi ya kuandikisha wapiga kura ilifunguliwa upya tarehe 29 Septemba 2025, ikiwa na nia ya kupata wapya milioni 6.3. Ilikuwa aibu, na lawama si ya kijana aliyetimiza miaka 18 katikati ya kipindi hicho.

Wengine nao husema, "Kura huibwa, ya nini kujisumbua?" Hatutawaambia kwamba haiibwi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais kwa sababu haukuendeshwa kwa kufuata Katiba na sheria. Lakini angalieni lililofuata. Mwaka 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Hilo lilipatikana kwa sababu watu walikwenda mahakamani na ushahidi wa vituoni. Hakuna aliyepata ushahidi kwa kukaa kitandani. Tena mwizi wa kura humpenda sana yule asiyekuja, kwa sababu karatasi yake haina mwenyewe.

Sasa kazi. Chama kina kitu ambacho umati wa Juni 2024 haukuwa nacho: mwakilishi wa wafanyakazi katika kila idara, anayemjua kila mtu kwa jina, na zamu yake, na mtaa anaokaa. Twataka kila mwakilishi anunue daftari la shule. Aandike humo asiye na kitambulisho, mwenye kitambulisho asiyeandikishwa, aliyeandikishwa mbali, na aliyekwisha andikishwa hapa hapa. Asiwaruke vibarua kwa kuwa hawalipi ada. Kura ya kibarua ni sawa na ya fundi. Asiwaruke watu wa zamu ya usiku, ambao ndio husahauliwa daima. Asiandike namba ya kitambulisho ya mtu wala asimwulize atampa nani kura. Kisha tawi liandikie mwajiri barua, likiomba idara zitoke kwa zamu nusu siku kwenda kujiandikisha. Atakayekataa, tupewe nakala ya jibu lake.

Jambo jingine ni la kila mwaka, si la uchaguzi tu. Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kamati hupokea maoni ya wananchi Mei. Hasira yetu huwaka Juni, wakati nyama imekwisha pikwa. Tawi lililo tayari liandike maoni yake Mei, ukurasa mmoja watosha, limpelekee mbunge nakala mkononi, na lidai risiti. Akishapiga kura, jina lake na kura yake vibandikwe kwenye ubao wa matangazo langoni, bila matusi. Orodha ya kura za tarehe 25 Juni 2024 ni jambo la hadharani, nayo ibandikwe.

Tumeulizwa kama chama kitamwunga mkono mgombea fulani. Gazeti hili halitawaambia mumchague nani. Gari la chama lisibandikwe picha ya mgombea, wala ukumbi wa tawi usikodishwe kwa mmoja na kunyimwa mwingine. Nauli ya mpiga kura chama hakitalipa, na mwanachama asiipokee kwa mgombea. Aliyekulipia basi atadai nauli yake kwa miaka mitano. Wanaokaa mtaa mmoja wapange kwenda kituoni pamoja, kwa miguu, kabla ya zamu ya asubuhi, na walio wawili au watatu wabaki karibu hadi matokeo yabandikwe mlangoni.

Makatibu wa matawi wayapokee madaftari ya kwanza pamoja na ada za mwisho wa mwezi huu. Daftari lisilo na jina hata moja la zamu ya usiku litarudishwa.